Nilivyoiweka picha ya kaburi la Eshati

Mke wangu amekufa. Eshati. Homa ilimshika Jumapili, Jumatano hakuamka. Tulimzika siku hiyo hiyo, hapa Moroni.

Leo Jumatatu. Joto, upepo hakuna, umeme upo. Naandika kwa kuwa umeme upo, na kwa kuwa ile kazi niliyokuwa nayo tangu nimzike imekwisha leo.

Kwa anayeingia hapa mara ya kwanza: mie kibarua. Navunja mawe, nabeba mawe, nakoroga zege. Baba yangu mtu wa Vouvouni, kijiji cha huku huku, lakini nimekulia Unguja, nikasoma madarasa machache, nikaacha. Kikomoro nakisema, kukiandika siwezi. Ndo maana naandika Kiswahili. Ukurasa huu nilifunguliwa na Bi Zaliha, mwenye duka la intaneti karibu na soko la Volo Volo, ili jamaa zangu wa Unguja wajue kama bado ni mzima. Mpaka juzi ulikuwa maneno matupu. Sasa una picha.

Nitasema ilivyokuwa. Wewe usiyejua kuweka picha kwenye ukurasa utajifunza humo humo. Mie nimejifunza kwa kuumia, wewe jifunze kwa kusoma.

Eshati ni mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani. Nilimwoa kule, wakati napakua mizigo bandarini. Visiwa hivi nyumba ni ya mwanamke. Mama anamjengea bintiye, mume anaingia na sanduku lake la nguo. Nikaingia. Tukamzaa Mina. Kazi ilipokatika nikamchukua Eshati nikaja naye Moroni, Mina tukamwacha kwa bibi yake asikatishwe chuo cha Kurani. Mama mkwe hakupenda. Alisema mwanamke hahamishwi kwenye nyumba yake kama godoro.

Halafu wakubwa wakagombana. Wa Mutsamudu wakasema hawapokei tena amri ya Moroni. Wa Moroni wakafunga njia. Ndege hakuna, meli hakuna. Ulipokutwa, hapo hapo.

Simu tu ndizo zinavuka, na zenyewe zikitaka.

Jumatano nilipiga. Akapokea Nuriati, mdogo wake Eshati. Nikamwambia dada yako amekufa. Sikuzunguka, sijui kuzunguka. Akapiga ukelele, simu ikachukuliwa na mama.

“Mwanangu yuko wapi?”

“Amekufa, mama. Tumemzika.”

“Nani kamwosha?”

“Wanawake wa mtaani.”

“Wa mtaani gani? Wale wale waliomwambia arudi kwao?”

Hapo alikuwa na haki. Eshati alikuwa akiuza majani ya muhogo Volo Volo. Tangu ugomvi uanze, kuna mwanamke mmoja wa meza ya jirani alimwambia mbele za watu, nyie wa Nzuani si mmejitenga, basi kauzeni kwenu. Eshati alicheka tu, lakini mama yake alimsimulia kwa simu. Na mama yake hasahau.

“Sikuona jeneza likitoka,” akasema. “Sikuona maiti. Sijaona kaburi. Mie sina mtoto aliyekufa. Hitima haisomwi nyumbani kwangu. Na wewe mlango huu usiukanyage mpaka unioneshe mwanangu alipolala. Mina ni wangu.”

Kabla simu haijakatika akaongeza: “Na huko hata udongo hamna. Mmemlaza mwanangu kwenye makaa.”

Sasa mnaelewa. Nyumba ya Mutsamudu si yangu. Mama mkwe akifunga mlango, mie sina pa kuingilia, na mtoto wangu yumo ndani. Siku njia itakapofunguliwa nitasimama barabarani kama mgeni.

Hilo la makaa pia ni kweli. Huku mlima wa moto umemwaga mawe meusi kila pahala. Kuchimba kaburi ni kuvunja mwamba. La Eshati nimelivunja mwenyewe, kwa mtaimbo na nyundo yangu ya kazini. Watu waliniambia, kaa, tuachie sisi. Nikasema hii ndo kazi yangu.

Lakini kulikuwa na jambo mama halijui, maana simu ilikatika. Eshati alikuja Moroni na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mrehani, kwenye udongo mwekundu wa uani kwao. Mama yake alilijaza kwa mkono wake siku tunaondoka. Kopo hilo limekaa dirishani kwetu miaka yote. Watu walipoondoka makaburini, nilikwenda nyumbani nikalichukua, nikarudi, nikaumwaga udongo wote kichwani pake, na mrehani nikaupanda hapo. Doa jekundu kwenye mawe meusi.

Hakuna aliyeniona. Sikumwambia mtu.

Alhamisi nikaenda kwa Bi Zaliha. Mnene, mkali, mjane wa siku nyingi. Dukani ana feni moja na hiyo feni inamtazama yeye. Nikamwambia nataka picha ya kaburi ionekane Mutsamudu. Barua pepe Nuriati hana. Ila Hombo, mtaa wa karibu na nyumba yao, kuna duka la fotokopi lenye kompyuta. Nikimsomea Nuriati anwani ya ukurasa wangu kwa simu, ataandika, atafungua, wataona. Bi Zaliha akasema inawezekana. Akanipa kamera yake ndogo.

“Ukiiangusha, Baba Mina, na mie utanizika.”

Nikaenda makaburini. Picha ya kwanza ilitoka kidole changu. Ya pili kivuli changu. Ya tatu nzuri: mbingu, ukuta wa makaburi, miti, na kaburi chini. Nikaipenda kwa ajili ya mbingu. Ilikuwa safi.

Bi Zaliha akaitia waya kamera, picha ikaingia kwenye mashine niliyokalia. Akanionesha namna ya kuiita ndani ya ukurasa. Ni hivi. Unafungua mshale, ile alama ya hesabu ya ‘ndogo kuliko’. Unaandika img. Unaacha nafasi, unaandika src, alama ya sawasawa, halafu kati ya alama mbili za usemi unaandika anwani ya picha, yaani pale ilipo. Unafunga mshale. Basi. Jina la picha liwe fupi, herufi ndogo, bila kuacha nafasi katikati. Yangu nimeiita kaburi. Mashine za hapa za Kifaransa, herufi zimekaa ovyo, mshale niliutafuta mpaka nikataka kumwita fundi seremala.

Nyuma yangu kulikuwa na karani mmoja wa ofisini anangoja zamu. “Mzee,” akasema, “unaandika au unajenga?”

“Najenga,” nikamwambia. “Subiri zege likauke.”

Bi Zaliha akaitwa na mteja. Alikuwa bado ana la kusema, nikamwambia nenda, nimeshaelewa. Nikaona picha ilipo kwenye mashine, nikanakili anwani yake, nikaibandika kati ya zile alama. Nikatazama ukurasa. Picha ile pale. Mbingu, ukuta, kaburi.

Nilikaa kama mtu aliyemaliza ghorofa.

Nikampigia Nuriati. Nikamwambia, mwambie mama aje kesho dukani Hombo, aje na watu, wote waone. Hilo nililisema mie mwenyewe. Aje na watu.

Akaja nao, Nuriati ananieleza kwa simu. Ijumaa baada ya alasiri, wanawake wa mtaa mzima na mashiromani yao, zile shuka za kujitanda, wamejifunika mpaka kichwani, wamejaa kwenye duka la fotokopi. Mama kapewa kiti mbele. Mina mapajani pake. Mie niko Moroni kwenye mashine yangu, simu sikioni, picha mbele yangu, natabasamu peke yangu.

Nuriati akafungua ukurasa.

“Shemeji,” akasema. “Hakuna kitu.”

“Teremka chini.”

“Nimeteremka. Kuna kisanduku cheupe. Kitupu. Kina alama nyekundu ya kukatalia pembeni.”

“Mbona iko? Naiona.”

“Iko kwako.”

Nikasikia wanawake wanauliza, vipi, vipi. Nikamsikia mmoja anasema, kaburi tupu, na tena limepigwa mkwaju wa wino mwekundu, kama hesabu ya mtoto mjinga. Mwengine akacheka. Halafu sauti ya mama, si ya kelele:

“Mwambie nimeona. Nimeona hakuna.”

Wakaondoka. Nuriati akabaki kwenye simu. Akasema, “Umetuaibisha mbele za watu.” Akakata.

Mazikoni sikulia. Nililia pale, mbele ya karani. Nasema kwa kuwa ni kweli. Karani alijifanya anasoma bei ukutani.

Jumamosi nikarudi kwa Bi Zaliha kabla hajamaliza kufagia. Nikamwambia mashine yako inasema uongo. Alinitoa kwenye kiti changu akanipeleka mashine nyingine, ile ya pembeni. “Fungua ukurasa wako,” akasema.

Nikafungua. Kisanduku cheupe. Alama nyekundu.

Nikaona alichokiona mama mkwe.

“Sasa soma anwani uliyoiandika,” akasema Bi Zaliha. “Inaanza na nini?”

“C.”

“Hiyo C ni tumbo la mashine ile uliyokalia. Picha imo humo, haijatoka. Wewe umekaa kwenye mashine hiyo hiyo, lazima uione. Watu wa Mutsamudu umewaambia waje Moroni, waingie dukani kwangu, wafungue kabati langu.”

“Na njia imefungwa,” akasema karani. Naye alikuwepo, sijui anafanya kazi saa ngapi. “Siku hizi hata picha inataka ruhusa ya kusafiri.”

“Wewe nyamaza au ulipe,” akasema Bi Zaliha.

Lakini nilielewa. Nimefanya kazi bandarini. Gunia likiwa ghalani Moroni, hata ulielekeze kwa kidole, mtu wa kisiwa kingine halipati. Lazima lipakiwe kwanza. Picha nayo ni hivyo. Inatolewa kwenye mashine, inapandishwa, inakwenda kukaa kwenye kompyuta kubwa iliyo mbali. Iko wapi sijui, Ulaya, Amerika. Si ya Moroni, si ya Mutsamudu. Haina upande. Ikishakaa kule inapata anwani mpya, ile inayoanza na http, na hiyo kila mtu anaweza kuifuata.

Kwenye ukurasa wangu kuna kitufe cha kupandishia. Nilikuwa nakiona siku zote, nikadhani pambo. Unabonyeza, unaichagua picha, unangoja. Mstari ulikwenda taratibu kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya zege. Ukafika. Nikachukua anwani mpya, nikafuta ile ya C, nikaiweka hii. Nikahamia mashine ya pembeni kuhakikisha. Picha ipo. Nikamwomba karani afungue kwenye yake. Ipo.

Sheria yangu sasa, na wewe ishike: usiamini kioo chako. Kaangalie kwenye cha mwenzio.

Mama alikataa kwenda tena. Alisema kaburi tupu keshaliona. Nuriati akaenda na Mina tu. Tukawa kwenye simu.

“Inakuja,” akasema. “Inakuja kutoka juu. Kidogo kidogo. Naona buluu.”

“Hiyo mbingu.”

“Bado buluu.”

“Mbingu bado.”

“Shemeji, mbingu yenu kubwa.”

“Ngoja.”

“Naona majani. Majani ya mti. Naona kama ukuta.”

“Umefika. Chini ya ukuta ndo kaburi.”

“Ukuta bado.”

Halafu akasema umeme umekatika. Kule mafuta ya kuwashia mitambo yamekuwa tabu, umeme unakuja unapotaka. Mina akachukua simu.

“Baba, nimeiona mbingu ya Moroni.”

Nikamwambia vizuri mwanangu.

Ile mbingu niliyoipenda ndiyo iliyoziba njia.

Jana Jumapili Moroni nzima umeme hakuna. Nikakaa nyumbani. Jirani kaleta wali, nikala. Kopo la Eshati lilikuwa bado na mizizi ya mrehani imeshika chini. Nikalisugua kwa mchanga, nikaliosha, nikalirudisha dirishani. Kutu kidogo tu kwenye mdomo. Lina sauti likiwa tupu.

Leo asubuhi nikawa wa kwanza dukani.

“Picha yako nzito,” akasema Bi Zaliha. “Kamera inapiga kitu kikubwa. Huku kwetu inapita kwa shida, kule haitapita. Ipunguze.”

Nikamwambia ngoja, hilo najua. Kuna neno la upana. Unaliweka pale pale nyuma ya anwani ya picha, unaandika namba ndogo, picha inakuwa ndogo. Nikaandika. Ikawa ndogo kweli. Nikamtazama nimtambie.

Akatikisa kichwa. “Inaonekana ndogo. Uzito ule ule. Ni mtu na gunia lake kichwani, kajikunja, unadhani gunia limepungua?”

Basi. Kumbe picha inapunguzwa yenyewe, kabla haijapandishwa. Kuna programu ya kuikatia. Akanionesha mara moja, nikamwambia nenda. Safari hii nilikuwa nimeelewa kweli. Kukata ni kazi yangu. Jiwe likiwa kubwa kuliko mlango, huubomoi mlango. Unalikata jiwe.

Nikakata mbingu. Nikakata miti. Nikakata ukuta. Nikabakisha kichwani pa kaburi tu: mawe meusi, doa jekundu, na mrehani.

“Bado inaweza kupungua,” akasema Bi Zaliha, keshasimama nyuma yangu. “Iondoe rangi. Picha isiyo na rangi nyepesi zaidi.”

“Siondoi.”

“Unataka ifike au hutaki?”

“Nataka ifike na rangi.”

“Baba Mina, kaburi lina rangi gani? Mawe meusi.”

Nikamwonesha lile doa kwa kidole. Nikamwambia ule udongo umetoka wapi, na nani aliujaza kwenye kopo. Yeye ndo wa kwanza kumwambia.

Bi Zaliha alikwenda mezani kwake, akaigeuza feni. Ikanitazama mie.

Tukaipunguza upana na urefu badala ya rangi. Imekuwa kama nusu ya kiganja. Inatosha. Nikaipandisha, na safari hii ule mstari haukutembea. Uliruka.

Kuna neno moja limebaki. Alt. Linakaa ndani ya mshale ule ule, nyuma ya anwani. Maneno unayoyaandika hapo yanakaa mahala pa picha mpaka picha ifike. Picha isipofika, yanabaki yenyewe. Na asiyeona kwa macho, kuna mashine zinamsomea maneno hayo. Bi Zaliha anasema watu wengi hawayaandiki. Hata mie Alhamisi sikuyaandika, ndo maana wanawake walikuta kisanduku bubu.

Kisanduku kingesema neno moja tu, mama asingeondoka vile.

Nikakaa nikifikiri. Karani akaingia, akavuta kiti. “Andika ‘picha ya kaburi’, mzee, tupate zamu.”

Picha ya kaburi. La nani? Angelisoma mama mkwe, angesema ni la mtu yeyote.

Nikaandika hivi: “Hapa amelala Eshati, mtoto wa Mutsamudu. Mwamba nimeuvunja mie mwenyewe. Kichwani pake nimemwaga udongo wa uani kwenu, ule wa kwenye kopo.”

Karani alisoma juu ya bega langu. Hakusema tena habari ya zamu.

Nikapiga simu. Sikusema aje na watu. Nikasema, Nuriati, nenda dukani, nangoja. Akasema mama anakuja naye, maana tangu Jumamosi Mina anasimulia mtaani kuwa ameiona mbingu ya Moroni, na mama anataka kujua mtoto kaoneshwa nini.

Walipofika, Nuriati akaniambia mama kakataa kiti. Kasimama mlangoni, mgongo umeegemea. Nuriati akafungua ukurasa.

“Kisanduku tena,” akasema. Nikamsikia sauti imemwisha. Halafu akasema, “Ngoja. Kina maneno.”

“Yasome,” nikamwambia. “Kwa sauti.”

Akayasoma. Akayageuza kwa lugha yao, polepole. Alipofika kwenye kopo, mama akauliza kutoka mlangoni.

“Kopo gani?”

Nadhani hapo ndipo picha ilipofika. Fupi, yote kwa mara moja, haina mbingu. Nikasikia mashine ya fotokopi inafanya kazi, na ndala za mtu zinaburuzwa sakafuni, zinakuja karibu. Mashine tu. Nikadhani simu imekatika. Nikaitazama, haijakatika.

Simu akaichukua mama.

“Umeumwagilia?”

“Nini, mama?”

“Mrehani. Umelala. Naona umelala. Udongo ule unataka maji asubuhi, si mchana. Mchana unaupika.”

“Ntaumwagilia asubuhi.”

“Kila asubuhi.”

“Kila asubuhi.”

Akageuka kusema na Nuriati, nikasikia: waambie walimu waje Alhamisi usiku, wasome hitima. Mwambie na yule aliyecheka, naye aje, abebe vikombe. Halafu akarudi kwenye simu. Sauti yake ilikuwa chini.

“Kopo umelitupa?”

“Ninalo.”

“Usilitupe. Njia ikifunguka, uje nalo. Ntalijaza.”

Akakata mwenyewe.

Hakusema mlango uko wazi. Hakuomba radhi, na mie sikuitaka. Lakini udongo ule uko uani, na ua uko nyuma ya nyumba, na hakuna njia ya kufika uani isipokuwa kuingia mlangoni. Mie nimeishi pale, najua.

Wakubwa sijui watapatana lini. Wengine wanasema askari watavuka, wengine wanasema wataongea. Mie si mtu wa kuulizwa. Ninachojua ni kwamba leo kitu changu kimetoka Moroni kikafika Mutsamudu, na hakuna aliyekizuia.

Picha iko hapo juu ya maandishi haya. Ikiwa unaona kisanduku, soma maneno yaliyomo. Ni yale yale.

Bi Zaliha anafunga duka. Karani kaniuliza kama ninaweza kumwekea picha za harusi ya dada yake kwenye ukurasa. Nimemwambia naweza, lakini akate mbingu kwanza.

Kopo liko dirishani. Kesho alfajiri napita makaburini na debe la maji, halafu narudi kazini.